Je, Ubora Una Kipimo Kimoja?

Sisi watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria tumezoea vipimo tangu utotoni. Pamba ya mkulima hutengwa daraja A na daraja B, kisha hupandishwa kwenye mizani. Sangara hulazwa kwenye rula, na aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mtoto mchanga hupimwa uzito kliniki na nukta yake ikawekwa kwenye kadi. Akifika darasa la saba hupimwa tena, safari hii kwa mtihani. Katika mambo yote hayo watu hutafuta namba moja itakayosema: hiki kizuri, kile kibaya, huyu apite, yule abaki.

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni hili: je, ni haki kuupima ubora kwa namba moja? Sisemi ubora wa pamba peke yake. Nasema ubora wa kitu chochote, na hasa ubora wa mtu na kazi yake. Nilifundisha kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu, kwa hiyo swali hili nimeishi nalo. Lakini mfano ulionisaidia kulifikiri vizuri zaidi haukutoka shuleni. Ulitoka kwa wanafizikia, watu ambao kazi yao ni kupima, na ambao hakuna awezaye kuwashuku kwamba wanaogopa namba.

Mfano huo nililetewa na kijana niliyemfundisha hesabu darasa la sita, ambaye baadaye alisoma fizikia hadi vyuo vya ng'ambo. Alipokuja kunisalimu hapa Buzuruga nilimuuliza, "Mwanangu, huko unafanya kazi gani hasa?" Akajibu, "Mwalimu, mimi hupima kama barabara ya elektroni ni nzuri au mbaya." Nilicheka, kisha nikamwomba anieleze kwa lugha ya ubaoni. Nami nitajaribu kumweleza msomaji kwa lugha hiyohiyo.

Kuna vitu vinavyopitisha umeme vizuri, kama shaba, na vitu visivyoupitisha, kama mpira. Baina yao kuna vitu vya katikati, ambavyo huitwa nusu-kipitishi. Silikoni ni kimojawapo, nacho ndicho kilichomo ndani ya redio, simu na kompyuta zetu. Kingine ni mchanganyiko wa galiamu na aseniki. Mafundi hukijenga kwa kudondosha atomi tabaka juu ya tabaka, ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, kisha juu yake hujenga tabaka jingine lililotiwa alumini. Pale matabaka hayo mawili yanapokutana, elektroni hunaswa katika utando mwembamba mno. Haziwezi kupanda wala kushuka. Huweza tu kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, mithili ya wale wadudu wanaoteleza juu ya maji ya ziwa asubuhi kukiwa shwari. Zina urefu na upana wa kutembea, lakini hazina kimo.

Utando huo umewapa wanadamu maajabu. Mwaka 1980, mjini Grenoble, Ufaransa, Mjerumani Klaus von Klitzing alichukua transista ya silikoni yenye utando wa namna hiyo, akaipoza mno na kuiweka katika sumaku yenye nguvu. Akaona kwamba ukinzani unaopimwa kwa kukata upande, ambao kwa kawaida hupanda polepole kadiri sumaku inavyoongezwa, ulikuwa ukipanda kwa ngazi, kama mtu apandavyo vidato. Na kimo cha kila ngazi kilikuwa kilekile bila kujali kipande kimekatwaje wala kimetengenezwa na nani. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Mwaka 1982, huko Marekani, Daniel Tsui, Horst Störmer na Arthur Gossard wakaona ngazi nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia, ngazi ya theluthi, kana kwamba elektroni zikiungana kwa wingi huweza kutenda kama vipande vya chaji vilivyo theluthi ya chaji ya elektroni moja. Robert Laughlin alieleza sababu yake, naye akashiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1998 pamoja na Tsui na Störmer.

Sasa, hali hizi za ajabu ni dhaifu kama utando wa buibui. Hazionekani ila katika kipande kilicho safi sana, kikipozwa hadi karibu na baridi ya mwisho iwezekanayo duniani, nyuzi 273 chini ya sifuri. Ndipo likazuka swali la ubora. Mtu akiwa na vipande viwili mkononi, atajuaje kipi ni bora?

Jibu lililozoeleka lilikuwa namba moja. Nitaiita wepesi wa mwendo. Sukuma elektroni kwa nguvu fulani ya umeme, uone zinakwenda kwa kasi gani. Zikikwenda kwa kasi kubwa, njia yao ni safi. Zikienda polepole, njia ina takataka za kugongana nazo. Kipande kilichotumika mwaka 1982 kilikuwa na wepesi wa takriban 90,000, kwa kipimo cha sentimita za mraba kwa kila volti na sekunde. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitangaza kipande chenye wepesi wa milioni 44. Ni maendeleo makubwa kweli, na kila hatua ililipiwa kwa jasho la kusafisha vyombo, kusafisha galiamu, kusafisha alumini, mpaka uchafu uliobaki ukawa mdogo kupita fikira.

Hapa kijana wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwalimu, kuna vipande vyenye wepesi mkubwa ambavyo zile hali dhaifu hazionekani vizuri, na kuna vyenye wepesi mdogo zaidi ambavyo huonekana vizuri." Namba imepanda, na lile jambo ambalo namba ilikuwa ikiliwakilisha halikupanda nayo.

Mwaka 2014 Sankar Das Sarma wa Chuo Kikuu cha Maryland na mwenzake E. H. Hwang waliandika makala juu ya jambo hilohilo. Walionyesha kwa hesabu kwamba kipande cha kwanza kinaweza kukishinda cha pili kwa wepesi, na wakati huohuo kikashindwa nacho kwa ubora. Ili kuelewa inawezekanaje, hebu tuiache maabara kidogo, tupande daladala.

Chukua daladala mbili zinazotoka hapa Buzuruga kwenda mjini. Ya kwanza inapita njia yenye mawe makubwa machache, na kila ikikutana na jiwe hulazimika kurudi nyuma na kuzunguka. Ya pili inapita njia isiyo na jiwe hata moja, lakini yenye mashimo madogomadogo mwanzo hadi mwisho. Haisimami wala hairudi nyuma, ila inatikisika muda wote. Ukiwa na saa mkononi, utasema njia ya pili ndiyo bora, kwa kuwa daladala yake imefika mapema. Utakuwa umesema kweli. Lakini ndani ya daladala hiyo yumo mama aliyepakata trei ya mayai. Muulize yeye. Saa haikupima mayai.

Wepesi wa mwendo ni ile saa. Unahesabu sana pale elektroni inapogeuzwa kwa nguvu na kurudishwa ilikotoka. Msukosuko mdogo unaoipindisha kidogo tu na kuiacha iendelee mbele hauhesabu karibu kitu. Lakini elektroni husafiri ikiwa pia wimbi, na utulivu wa wimbi hilo ndio mayai yake. Kila mtikisiko, hata ule mdogo, unalichafua wimbi. Kwa hiyo kuna nyakati mbili za kupima: muda ambao elektroni hukaa kabla ya kugeuzwa mwelekeo, na muda ambao wimbi lake hukaa kabla ya kutikiswa. Katika vipande vilivyo safi muda wa kwanza unaweza kuwa mrefu kuliko wa pili mara kumi, hata mara mia.

Na mitikisiko hiyo midogo inatoka wapi? Jibu lake ndilo lililonigusa kuliko yote. Elektroni zile hazikuzaliwa ndani ya utando. Zilitolewa na atomi nyingine, mara nyingi za silikoni, ambazo mafundi huzitia makusudi. Kila atomi ya namna hiyo hutoa elektroni moja, na wataalamu huziita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni wafadhili. Mfadhili akishatoa hubaki na chaji yake, na chaji hiyo huzisumbua elektroni alizozitoa. Ndipo mwaka 1978 watafiti wa maabara za Bell, Marekani, wakabuni jambo la busara: mfadhili awekwe mbali, katika tabaka jingine, ili zawadi ifike mahali ambapo mtoaji hayupo. Wepesi ukapanda. Lakini "mbali" ya huko ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na mvuto wa mfadhili bado unafika. Haugongi kama jiwe. Unatikisa tu, polepole, kwa wema wote, bila kukoma.

Kwa hiyo kuna vikwazo vya karibu na vikwazo vya mbali. Uchafu uliomo ndani ya utando wenyewe hugonga kwa nguvu, nao ndio unaoshusha wepesi. Wafadhili walio mbali hawashushi sana wepesi, lakini wao ndio wanaotikisa mayai. Mtu akisafisha vilivyo karibu ataiona namba yake ikipanda mwaka hadi mwaka, na kwa haki kabisa atafurahi, huku yale ya mbali yakibaki palepale yalipokuwa.

Ndugu msomaji, naomba utazame vizuri mfano huu una nini. Tumezoea kusema kwamba kipimo huharibika kwa sababu ya udanganyifu. Kila mtu wa mkoa huu anajua habari za pamba iliyonyunyiziwa maji, au iliyotiwa mchanga, ili kilo ziongezeke. Hapo mkosaji anaonekana, na dawa yake inajulikana: uaminifu. Lakini katika habari hii ya elektroni hapakuwa na mchanga ndani ya pamba. Mizani ilikuwa sahihi. Wapimaji walikuwa waaminifu, wenye bidii, na wenye akili kupita wengi wetu. Namba waliyoandika ilikuwa ya kweli hadi tarakimu ya mwisho. Hata hivyo, mtu aliyeitegemea namba hiyo peke yake angechagua kipande kisichofaa. Basi uaminifu wa mpimaji ni lazima, lakini hautoshi. Kuna wajibu mwingine wa kimaadili juu yake, nao ni kuuliza: bora kwa ajili ya nini?

Maana wepesi wa mwendo si kipimo kibaya. Mwaka 1979 Takashi Mimura wa kampuni ya Fujitsu, Japani, alibuni transista inayotumia utando huohuo wa elektroni, na transista za jamii hiyo ziliingia katika vipokezi vya madishi ya setilaiti kama yale tunayoyaona juu ya mabati ya nyumba zetu. Kwa kazi hiyo kinachotakiwa ni kupita haraka bila kelele nyingi. Wepesi ni kipimo kinachofaa, na mtu angekuwa mpumbavu kuudharau. Abiria asiyebeba mayai hana ugomvi na mashimo madogo. Kosa huanza pale namba iliyofaa kwa kazi moja inapovikwa joho la ubora wenyewe, ikaitwa "ubora" bila kuulizwa wa nini.

Najua lipo jibu zito la upande wa pili, na sitaki kulipita kimyakimya. Mtu atasema: mzee, ukianza kudharau namba unafungua mlango wa upendeleo. Namba haina ndugu. Mtahiniwa wa darasa la saba huandika namba yake ya mtihani, na msahihishaji hajui kama karatasi ni ya mtoto wa mvuvi au ya mtoto wa mkuu wa wilaya. Watoto wangapi wa maskini nchi hii wamefika vyuo vikuu kwa sababu tu kulikuwa na namba iliyowatetea mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwatetea? Nakubali. Kijana niliyemtaja ni mmoja wao. Mwenye kusema tuache kupima, tuamini macho ya wakubwa, huyo sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu nimeyaona macho ya wakubwa.

Lakini hata kinga hiyo ina mpaka wake, na nchi yetu imeuona. Mwezi Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwezi Mei Serikali iliyafuta matokeo hayo, na alama zikapangwa upya, waliofaulu wakaongezeka. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, wino uleule. Baadaye divisheni zikaachwa, ukaja wastani wa pointi. Mwaka 2016 divisheni zikarudi. Na mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema kwamba namba haikuanguka kutoka mbinguni. Nyuma yake kuna mtu aliyechagua kipi kihesabiwe na kipi kisihesabiwe, na uchaguzi huo ni tendo la maadili kama tendo jingine lolote.

Kwa nini nasema la maadili, nisiseme tu la ufundi? Nitaeleza kwa jambo nililolishuhudia.

Shule mojawapo niliyoiongoza ilikuwa karibu na mwalo. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, maana mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo katika daftari la mahudhurio la shule ile ungeweza kuusoma mwezi wa angani: siku za giza madawati yalikuwa wazi, kwa kuwa watoto walikuwa juu ya miamba wakianika dagaa, na mwezi ukipevuka madarasa yalijaa. Zaidi ya hayo, familia zilihama na samaki. Mtoto angeweza kuja mwezi Machi kutoka visiwani na kuondoka mwezi Agosti kwenda mwalo mwingine.

Darasa la kwanza na la pili lilikuwa mikononi mwa mwalimu mmoja mwanamke ambaye sitamtaja jina. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto hao wa kupita kusoma, kuandika na kuhesabu, kabla hawajaondoka. Aliwapokea katikati ya muhula bila kulalamika. Alikuwa na madaftari mawili, moja la waliokuwapo tangu Januari na moja la waliokuja baadaye, na hakumwacha mtoto aende bila kumpa kipande cha karatasi cha kusoma njiani. Lakini watoto wake wengi hawakufanya mtihani wa darasa la saba shuleni kwetu. Walikuwa wamekwisha kuhama. Waliobaki walibeba shule katika orodha iliyobandikwa ukutani kwa wakubwa wa elimu, na katika orodha hiyo sisi tulikuwa karibu na mwisho.

Siku moja afisa alikuja na orodha hiyo mkononi, akasema msingi wa shule ni dhaifu na mwalimu wa msingi ahamishwe. Nilimwonyesha madaftari yale mawili. Nilimweleza habari za mwezi na dagaa. Aliniandikia kwa utaratibu kila nilichosema, wala hakunidharau. Kisha akanijibu kwamba ofisi yake ina safu moja tu katika fomu, na katika safu hiyo hakuna mahali pa kuandika mwezi. Mwalimu yule alihamishwa. Afisa hakuwa mtu mbaya na hakula rushwa. Namba yake ilikuwa ya kweli.

Nilipoelezwa habari za wafadhili wa mbali wanaotikisa bila kugonga, nilimkumbuka mwalimu huyo kwanza. Vikwazo vya karibu, kama utoro wa walimu, uhaba wa chaki na paa linalovuja, huonekana, na mkaguzi akija huviandika. Lakini mwezi uko mbali. Bei ya dagaa iko mbali. Kisiwa alikotoka mtoto kiko mbali. Hakuna kati ya hivyo kinachomgonga mtoto darasani; vinamtikisa tu, kila siku. Na mwalimu anayeyashika mayai yasivunjike katika mitikisiko hiyo hafanyi jambo ambalo saa inaweza kuliona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Miaka mingi baadaye nilimwona mwaloni mvuvi kijana akipewa karatasi ya mauzo. Aliisoma mstari kwa mstari, akaweka kidole kwenye jumla, akasema haijakaa sawa, wakarudia hesabu. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa Machi hadi Agosti. Sidai kwamba huo ni ushahidi wa kisayansi. Mvuvi mmoja si takwimu. Nasema tu kwamba ubora ule ulikuwapo, ulifanya kazi yake duniani, na haukuwahi kuandikwa mahali popote isipokuwa katika daftari la pili la mwalimu aliyehamishwa.

Sasa turudi kwa wanafizikia, kwa sababu wao hawakuishia kwenye malalamiko. Walipoona namba moja haitoshi, hawakuitupa. Walitafuta ya pili. Njia yake ilikuwapo tangu mwaka 1930, mjini Leiden, Uholanzi, ambako Lev Shubnikov na Wander de Haas waligundua kwamba ukinzani wa metali ya bismathi iliyopozwa hupanda na kushuka kama mawimbi kadiri sumaku inavyoongezwa nguvu. Katika utando wa elektroni mawimbi hayo huonekana vizuri pia. Kipande ambacho wimbi la elektroni halitikiswi sana huanza kuyaonyesha sumaku ikiwa bado ndogo. Kipande chenye mitikisiko mingi huchelewa. Kwa kuangalia mawimbi hayo yanavyoanza na yanavyokua, mtu hukokotoa ule muda wa pili, muda wa mayai. Ni kazi ndefu zaidi na inahitaji subira. Lakini inaiendea ile hali dhaifu yenyewe kwa karibu zaidi.

Nilipomsoma zaidi huyo Shubnikov nilisikitika. Alirudi kwao, akafanya kazi Kharkov, na mwaka 1937, katika siku za Stalin, alikamatwa na kupigwa risasi. Utawala ule nao ulikuwa na kipimo kimoja cha mtu: mtiifu au adui. Mtu aliyewafundisha wengine kusoma mitetemo midogo aliwekwa katika safu moja ya fomu, na fomu ikamhukumu. Sifananishi orodha ya ofisi ya elimu na dhuluma ile. Tofauti ni kubwa kama mbingu na ardhi. Lakini mbegu ni ya jamii moja: kumwona mtu kwa upande mmoja tu, kisha kusahau kwamba ana pande nyingine.

Basi jibu langu kwa swali nililolianza ni hili. Kupima kwa namba moja si dhambi, mradi mpimaji aseme wazi namba hiyo inapima nini na kwa kazi gani. Huwa si haki pale anayepimwa anapoathirika kwa jambo ambalo kipimo hakiligusi, na mpimaji, akijua au akiwa na uwezo wa kujua, asitafute kipimo cha pili. Ndivyo ninavyouelewa wajibu wenyewe. Hautaki tuwe wataalamu wa kila kitu. Unataka tumwulize mwenye mayai.

Na jambo hili linawezekana kwa gharama ndogo. Wanafizikia siku hizi wanaweza kuandika namba mbili kwa kipande kimoja, wepesi wake na utulivu wa wimbi lake, na msomaji akachagua kwa kazi aliyonayo. Shule nazo zinaweza. Katika orodha inayobandikwa ukutani, kando ya wastani wa mtihani, iongezwe safu moja: watoto wangapi walikuja hawajui kusoma, na wangapi kati yao walipoondoka, mwezi wowote walioondoka, waliweza kusoma ukurasa mmoja mbele ya mwalimu mkuu. Haihitaji mashine. Inahitaji daftari la pili, na mtu wa ofisini aliye tayari kulifungua.